Kiwiko cha Kawempe

Nyoka akiingia chumbani, mwenye chumba hana muda wa kuagiza fimbo kutoka ng'ambo. Fimbo hiyo inaweza kuwa ya mpingo, imechongwa ikachongeka na kutiwa kishikio cha fedha, lakini maadamu iko mbali ni sawa na haipo. Atakayemwokoa ni ufagio ulioegemezwa ukutani, au mpini wa jembe, au hata kiatu chake mwenyewe. Ndiyo maana ya methali tutakayoithibitisha hapa: msaada ulio mbali, hata uwe mkubwa namna gani, hauondoi shida iliyo miguuni pako. Wapo wanaoikubali methali hii kwa ulimi na kuikana kwa vitendo, watu ambao kila wakipungukiwa na kitu hugeuza macho kuelekea uwanja wa ndege. Kisa hiki ni chao.

Katika mtaa wa Kawempe, kaskazini mwa jiji la Kampala, palikuwa na karakana ya fundi mmoja aitwaye Ondiek. Alikuwa Mkenya kutoka Kisumu, mwenye mabega mapana na kicheko kikubwa kuliko mabega yake. Kwa miaka kumi na minane alichomelea mageti na madirisha, mpaka siku aliponunua mashine ambayo majirani hawakuwahi kuona mfano wake. Ulikuwa mkono mkubwa wa roboti, wenye shingo ndefu iliyoinama na kuinuka kwa madaha. Watu wa Kawempe hawakuchelewa kuupa jina. Waliuita Ngamia.

Mashine nyingi za chuma hula. Hupewa bonge, zikalichonga na kulitoboa mpaka libaki umbo linalotakiwa, na nusu ya chuma ikaishia sakafuni. Ngamia alifanya kinyume. Yeye alijenga. Mdomoni mwake mlipita waya, waya ukayeyushwa na umeme, naye akaulaza mstari juu ya mstari, tabaka juu ya tabaka, kama mfinyanzi anayeinua mtungi kutoka kwenye ukamba wa udongo. Aliweza kuchapa kipande cha chuma kizito kuliko watu wawili, bila kalibu wala tanuri la kuyeyushia.

Aliyemwongoza Ngamia alikuwa Sumayiya binti Habib, msichana wa miaka ishirini na sita kutoka Nateete. Ukoo wao ulifika Uganda zamani na misafara ya biashara kutoka pwani, nao haukurudi. Baba yake, Maalim Habib, alisomesha Kurani asubuhi na kuuza vitambaa alasiri, na nyumbani kwake neno la Kiswahili lililopinda lilinyooshwa kabla ya chai kupoa. Sumayiya alipopata diploma ya ufundi wa mitambo, jamaa zake walimtafutia kiti cha ofisini. Yeye akachagua bwelasuti na miwani ya kuchomelea.

"Mtoto wa maalim unanuka moshi!" shangazi zake walimtania kila sikukuu.

"Udi nao ni moshi," aliwajibu, "lakini nyinyi mnaulipia."

Asubuhi moja ya msimu wa mvua, gari la kijeshi lilisimama mbele ya karakana. Akashuka Meja Ocaya, mhandisi wa jeshi, mtu mrefu, mkavu, asiyepoteza maneno. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kifupi na kilichonyooka kama amri.

"Nani fundi ya hii mashine?" aliuliza.

Ondiek akamwonyesha Sumayiya. Meja alimtazama kuanzia mtandio mpaka viatu vyenye ncha za chuma, kisha akafungua picha mezani. Ilionyesha gari la daraja, yaani lile gari la jeshi linalobeba daraja la chuma mgongoni na kulinyoosha juu ya mto kwa mkono wake. Mkono huo ulikuwa umevunjika kwenye kiungo chake kikuu, pale wanajeshi walipopaita kiwiko.

"Mto mashariki imebeba daraja ya raia," alisema Meja. "Watu wako upande ile, hospitali iko upande hii. Wamama wajawazito wanavuka na ngalawa ya mbao. Gari yangu iko tayari, dereva iko tayari. Kiwiko hakuna."

"Kiwanda kilichotengeneza gari kinasemaje, afande?" Sumayiya aliuliza.

"Miezi kumi na nne."

Ondiek akapiga mluzi. "Aii yawa! Mvua itakuwa imekuja na kuondoka mara tatu."

"Ndiyo maana niko Kawempe," alisema Meja. "Wiki tatu. Kiwiko moja. Itapimwa ndani, itapimwa na mzigo. Ikipita, kazi zingine zitakuja, hata za ndege. Ikianguka, hatujuani."

Meja alipoondoka, Ondiek alimgeukia Sumayiya, na safari hii kicheko chake kilikuwa kimefichama. Ngamia alikuwa na mwaka mzima Kawempe bila kazi ya kumfaa. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa imekwisha kutuma ujumbe mara mbili kwamba inamtaka.

"Sikiliza, dada yangu," alisema. "Kiwiko kikipita, Ngamia anabaki. Kisipopita, nampandisha lori aende Nairobi, nami narudi kwenye mageti yangu. Wewe utajua pa kwenda."

Sumayiya alivaa miwani yake ya kuchomelea. Hakujua pa kwenda. Katika Kampala nzima hakujua mashine nyingine ya aina ile, na mikono yake ilikuwa imekwisha kuizoea kazi hiyo. Kumwondoa Ngamia kulikuwa kama kumnyang'anya mtu ulimi na kumwambia atafute mwingine sokoni.

Kazi ikaanza. Ngamia alikuwa ameuzwa na kampuni ya ng'ambo iliyoweka sharti moja: kila kazi kubwa ilipaswa kusimamiwa na mtaalamu wao kwa njia ya mtandao. Kwa hiyo kila asubuhi uso wa mzungu mwembamba mwenye ndevu za kijivu ulitokea kwenye skrini iliyotundikwa ukutani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mwenye elimu nyingi, na aliziona namba zote za mashine: joto, umeme, kasi ya waya, kiasi cha gesi. Siku ya kwanza aliona mlango mkubwa wa karakana ukiwa wazi, kama ilivyo desturi ya karakana zote za Kawempe, naye akatikisa kichwa.

"Upepo utapeperusha gesi inayokinga chuma kilichoyeyuka," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Fungeni milango. Fungeni madirisha. Zibeni kila tundu."

Wakaziba. Ondiek mwenyewe alipanda ngazi, akatundika maturubai mazito kuanzia darini mpaka sakafuni, hata karakana ikawa kama hema la harusi lisilokuwa na bibi harusi. Ngamia akaanza kulaza chuma. Tabaka la kwanza likang'aa, la pili likashika, na kufikia mwisho wa wiki ya kwanza kiwiko kilikuwa kimeinuka kufikia urefu wa goti. Kila jioni Ondiek alikipigapiga bega kana kwamba ni ndama wake.

Siku ya tisa, Ngamia alipokuwa kwenye tabaka la themanini na nne, Sumayiya aliinua kichwa ghafla. Chuma kinapoyeyuka vizuri hutoa sauti moja isiyokatika, kama mvua ya mbali juu ya bati. Asubuhi ile, ndani ya sauti hiyo mlikuwa na mwatuko mdogo mdogo, tap, tap-tap, kama mafuta ya kukaangia sumbusa yaliyoingiwa na tone la maji.

Akabonyeza kitufe chekundu. Ngamia akaganda shingo ikiwa juu.

"Kuna nini?" aliuliza mtaalamu kutoka kwenye skrini. "Namba zote ni za kijani."

"Sauti imebadilika," alisema Sumayiya.

"Sisikii kitu. Kipaza sauti chenu hakinasi vizuri. Endelea. Namba hazidanganyi."

Sumayiya akamtazama Ondiek. Ondiek akaitazama skrini, akamtazama Sumayiya, kisha akaitazama kalenda.

"Dada, siku kumi na mbili zimebaki," alinong'ona. "Huyu mtu ndiye aliyeitengeneza mashine. Mimi na wewe tumeinunua tu."

"Ameitengeneza, mzee, lakini hayupo hapa."

Akachukua grainda, akakisaga kiwiko kwenye ukingo wa juu, ambako matabaka ya mwisho yalikuwa. Cheche zikaruka. Alipopangusa kwa kitambaa, Ondiek akainama, kisha akashika kiuno kama mtu aliyechomwa mwiba. Ndani ya chuma mlikuwa na vitundu, vidogo kama vilivyotobolewa kwa sindano, vingi kama vya mkate ulioumuka. Chuma cha namna hiyo kikibebeshwa daraja, hakipindi. Hukatika.

Mtaalamu alipoonyeshwa picha, hakubisha. Alikunja uso, akapitia namba zake tena, akatoa hukumu: tatizo lilikuwa kwenye waya. Uliondoka kiwandani ukiwa mbovu. "Nitumieni kipande," alisema. "Maabara yetu itaupima. Majibu ni baada ya wiki sita. Na kabla ya hapo msiendelee, maana sitaweza kuweka sahihi yangu kwenye fomu ya jeshi."

Skrini ikazimika. Ondiek akakaa juu ya mtungi mtupu wa gesi, akaufunika uso wake kwa viganja vyake vikubwa.

"Wiki sita," alisema. "Basi. Nitawapigia wale wa Nairobi."

"Usiwapigie leo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu waya huu ni uleule tulioanza nao. Matabaka ya mwanzo ni mazima, nimeyasaga nikayaona. Ungekuwa umetoka mbovu kiwandani, ungeharibu tangu siku ya kwanza. Kitu kimeuharibu hapahapa, mzee. Na kilichouharibu hapa, kitaonekana hapa. Nipe asubuhi moja tu, nikae nitazame."

"Utazame nini?"

"Sijui. Ningejua, nisingetazama."

Kesho yake Sumayiya alifika kabla ya mtu yeyote, akaketi kwenye kona na chupa yake ya chai, bila kugusa kitu. Macho yake yalikwenda huku na huku kama ya kuku mwenye vifaranga. Aliutazama mtungi wa gesi, akautazama mpira wake, akautazama mdomo wa Ngamia. Vyote vilikuwa vile vile.

Kisha akaingia Ondiek, akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani. Alivua koti, akachukua dumu la manjano ambalo kifuniko chake kilikuwa kimetobolewa matundu, akaanza kunyunyizia maji sakafuni, kulia na kushoto, kulia na kushoto, kama padri anayebariki waumini. Alifanya hivyo kila asubuhi, tangu karakana ilipofunguliwa. Kila mwenye duka katika barabara ile alifanya vivyo hivyo, kwa maana vumbi jekundu la Kawempe halina adabu. Usipolilaza kwa maji asubuhi, mchana litakulaza wewe. Lilikuwa jambo la kawaida mno, hata hakuna aliyeliona. Kwa miaka yote maji yale yalikauka kabla ya saa nne, jua na upepo vikipita mlango mkubwa kama wenye nyumba.

Lakini sasa mlango ulikuwa umefungwa.

Sumayiya aliinuka polepole. Akaenda kwenye turubai, akapitisha kiganja upande wa ndani. Kikalowa. Akainua macho darini, akaona matone yamening'inia kwenye mabati. Akainama penye roli la waya, lililowekwa chini, hatua moja tu kutoka pale maji yalipotua. Waya ule haukuwa mtupu ndani kama nyaya za mageti. Ulikuwa kama utumbo mwembamba uliojazwa unga wa madini, na unga, uwe wa madini au wa mahindi, ukiwekwa penye unyevu hunywa.

"Mzee Ondiek," aliita.

"Naam?"

"Weka dumu chini."

Ondiek akasimama, dumu likidondosha maji juu ya kiatu chake. "Vumbi litatuua, dada."

"Vumbi tulikuwa nalo tangu zamani na halikuharibu kitu. Fundi wa ng'ambo alisema tufunge milango, na kwake ni sawa, kwa sababu kwake hakuna anayemwaga maji sakafuni. Wewe unamwaga maji, na kwako ni sawa, kwa sababu mlango wako huwa wazi. Mmoja amefunga mlango, mwingine amemwaga maji. Kwa siku tisa tumekuwa tukiuchemsha waya huu kwa mvuke kama matoke."

Ondiek alilitazama dumu, akaitazama sakafu, akalitazama turubai lililolowa. Wengine wangekasirika kwa kuambiwa kosa lao na msichana waliyemwajiri. Ondiek alivuta pumzi ndefu, kisha kicheko chake kikarudi kwa kishindo, kikayatikisa mabati na kuyaangusha matone.

"Aii yawa! Mimi ndiye nyoka!"

"Si wewe, mzee. Nyoka ni unyevu. Wewe ulimfungulia mlango tu."

"Nilimfungia mlango, sema kweli!" Akapangusa machozi ya kicheko. "Sasa unyevu ukishaingia, unatokaje?"

Hilo ndilo lililokuwa swali. Waya wa namna ile hukaushwa katika tanuri maalumu lenye joto la kadiri, kwa saa nyingi. Tanuri hilo Kampala hawakulijua lilipo, na kuagiza lingine lilikuwa jambo la miezi. Ondiek akataja kuwasha moto ndani ya pipa. Sumayiya akakataa, kwa kuwa moto wa pipa haupimiki. Akatoka nje akasimama barabarani akifikiri, na hapo pua yake ikapata harufu iliyopita mbele ya karakana kila siku bila kuulizwa inatoka wapi.

Nyumba ya tatu kutoka kwao, mzee Erinayo alioka mikate. Alikuwa Muganda mnene mwenye nyusi zilizojaa unga, na tanuri lake la umeme lilikuwa kubwa kama kabati la nguo. Alipomwona Sumayiya na Ondiek wakiingia na roli la waya wamelibeba kama maiti, aliinua mikono yote miwili.

"Banange! Nini hiyo mnaniletea?"

"Ssebo, tunaomba utuokee," alisema Sumayiya.

"Mimi naoka mukate, nnyabo. Waya mimi sioki. Nani atakula?"

"Jeshi," alisema Ondiek.

Erinayo alicheka mpaka unga ukapukutika kwenye nyusi zake. Lakini Sumayiya alipomweleza habari ya mto na daraja na wajawazito kwenye ngalawa, kicheko kilikoma. Akapangusa mikono kwenye aproni, akafungua mlango wa tanuri, akatoa trei zake moja baada ya nyingine.

"Leo Kawempe itakunywa chai kavu," alisema. "Joto ngapi, muwala wange, binti yangu?"

Sumayiya alimtajia. Erinayo akaizungusha swichi kwa vidole viwili, akaweka sikio karibu na mlango, akarudisha nyuma kidogo. "Swichi hii inadanganya," alieleza. "Mimi ndiye naijua." Kisha akavuta kigoda akaketi mbele ya tanuri lake, na kila mteja aliyeingia kuuliza mkate alimjibu kwa uso mkavu kwamba leo kuna waya tu.

Waya ulipokauka, waliurudisha ukiwa umefungwa ndani ya sanduku la bati lililokuwa moto bado. Sumayiya akashika grainda. Hakuondoa yale matabaka yaliyoonekana na vitundu peke yake. Alishuka chini zaidi, tabaka kwa tabaka, mpaka akafika penye chuma kizima, kisha akaondoa mengine matatu kwa ajili ya shaka. Ondiek aliuma meno akiona kazi ya siku tatu ikigeuka vumbi. Maturubai yakateremshwa. Mlango mkubwa ukafunguliwa, na jua likaingia kama mgeni aliyekumbukwa. Badala ya kuifunga karakana nzima, Sumayiya alikata pazia dogo la turubai nene, akalivalisha mdomo wa Ngamia kama sketi, ili gesi ikae pale inapotakiwa na hewa ipite kwingineko. Dumu la manjano likapewa kazi ya nje, barabarani tu.

Mtaalamu alipotokea kwenye skrini na kuona mlango wazi, nyusi zake zilipanda.

"Hili halimo kwenye mwongozo," alisema. "Na waya umekaushwa wapi?"

"Kwa mwoka mikate."

Mtaalamu alikuna ndevu zake za kijivu. "Mimi siwezi kuweka sahihi yangu," alisema hatimaye, kwa huruma ya kweli. "Unaelewa? Siwezi kuthibitisha nisichokiona."

"Ninaelewa vizuri," alisema Sumayiya. "Wewe huoni, na ukweli ni kwamba si kosa lako. Mimi naona. Sahihi nitaweka mimi."

Ondiek alimgeukia. Alijua maana ya maneno yale. Kiwiko kikivunjika, jina litakaloulizwa ni moja.

Ngamia akainama, akaanza tena. Sauti ikatoka, moja, ndefu, isiyokatika. Sumayiya aliisikiliza kwa siku nane mfululizo kama mama anayesikiliza pumzi za mtoto aliyetoka kwenye homa. Haikuatuka hata mara moja. Siku ya ishirini kiwiko kilikuwa kimesimama katikati ya karakana, kimesawazishwa na kutobolewa matundu ya pini, kizito, cheusi ubavuni na cheupe kwenye maungio, kizuri kama farasi aliyefugwa na sultani.

Jaribio lilifanyika kwenye uwanja wa karakana ya jeshi. Mpimaji, sajini mmoja mkimya, alipaka mafuta mazito juu ya chuma, akapitisha kifaa kinachotuma mawimbi ya sauti ndani na kusoma yanavyorudi. Alianza chini, akapanda. Sumayiya alisimama mikono nyuma. Mpimaji alipofika kimo cha goti, alisimama. Akarudi. Akapita tena. Akarudi mara ya tatu, akainamia skrini yake ndogo, akaguna.

Sumayiya alisogea hatua moja mbele. Pale ndipo alipokata. Pale ndipo chuma kipya kilipokaa juu ya cha zamani.

"Kuna shida, sajini?" Meja Ocaya aliuliza.

"Hapana, afande. Fomu yao inasema walikata wakaanza upya hapa. Natafuta hiyo maungio." Akainua kichwa, akamtazama Sumayiya. "Siioni. Iko wapi?"

Ondiek alipiga makofi peke yake, akajishtukia, akaacha. Lakini Meja hakutabasamu bado. Kiwiko kikafungwa kwenye gari la daraja. Mkono ukainuka, ukanyoosha daraja lote hewani, na mwishoni mwake yakaningʼinizwa matofali ya saruji, kisha mengine, kisha mengine, mpaka uzito ukafika mara moja na nusu ya ule ambao gari lingebeba maishani mwake. Mafuta ya mashine yakalia. Magurudumu yakazama ardhini. Kiwiko kikatulia kama kilichozaliwa kufanya hivyo. Wakakiacha hivyo kwa saa nzima, wakakipima tena, na hakikuwa kimesogea hata unene wa unywele.

Meja Ocaya alichukua ile fomu, akasoma jina lililokuwa chini yake, akamsogelea Sumayiya. Akasimama wima, visigino vikagongana, akampigia saluti.

"Fundi," alisema. "Leta kalamu. Kuna kiwiko ingine mbili, na watu ya ndege wanataka kuongea na wewe."

Hapo Ondiek hakujizuia tena. Alimkumbatia sajini, akamkumbatia dereva, akataka kumkumbatia Meja, akaona uso wake, akamkumbatia Ngamia aliporudi karakanani. Nairobi walipopiga simu jioni ile, aliwaambia kwa heshima zote kwamba mnyama huyo amepata malisho. Na mtaalamu wa ng'ambo, ambaye hakuwa na kinyongo, alipotumiwa matokeo aliyasoma mara mbili, kisha akaandika barua fupi: je, Bi Sumayiya angeweza kumwelezea lile pazia la mdomoni, na lile tanuri la mikate joto lake lilikuwa kiasi gani hasa?

"Mwambie swichi inadanganya," alisema Erinayo. "Aje aniulize mimi."

Siku ya nne baada ya jaribio, gari la daraja lilisimama kwenye ukingo wa mto huko mashariki, maji ya rangi ya kahawa yakinguruma chini yake. Sumayiya na Ondiek walikuwa wamealikwa. Mkono ulijikunjua, kiwiko kikanyooka, na daraja likashuka taratibu upande wa pili kama mtu anayempa mwenzake mkono. Mara ng'ambo ile ikalipuka kwa vigelegele. Wa kwanza kuvuka alikuwa mwanamke mwenye tumbo la miezi tisa, ameshikwa mkono na mama mkwe wake, akitembea juu ya chuma kikavu bila kulowesha hata unyayo.

Jenerali mmoja aliyekuja kushuhudia alizunguka lile gari akilikagua, akasimama penye kile chuma kipya, akakigonga kwa pete yake.

"Hii kitu ni nzuri," alimwambia Meja Ocaya. "Imetoka nchi gani?"

"Kawempe, afande," alijibu Meja.

Jenerali alidhani hakusikia vizuri. Meja akamwonyesha Sumayiya, aliyekuwa amesimama kando na mtandio wake ukipeperushwa na upepo wa mto, macho makavu, kidevu juu. Kiwanda kikubwa kilikuwa na kila kitu, lakini watu wale hawakuwa na miezi kumi na minne ya kukingoja; mtaalamu alikuwa na namba zote isipokuwa tone moja la maji lililoning'inia kwenye bati la Kawempe. Kilichowaokoa watu wa mto ule ni sikio lililokuwa karibu, mkono uliokuwa karibu, na tanuri la mikate la nyumba ya tatu. Hakika, fimbo ya mbali haiui nyoka.